Nilihubiri Yeremia 29:11 vibaya siku ya kuwaombea kidato cha nne. Nirudi mimbarini nijisahihishe?

MchungajiWaMilimani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wasio wa imani hii, habari za jioni, nanyi mnakaribishwa.

Mimi ni mchungaji, huu ni mwaka wa 11 tangu nibarikiwe. Nahudumu usharika wa kijijini huku Makete, mitaa minne, pikipiki moja. Kuna jambo limenikaa kooni tangu matokeo yatoke, naomba mnisaidie kulitafakari.

Mwezi wa 10 tulifanya ibada ya kuwaombea vijana wetu wa kidato cha nne kabla ya mtihani wa taifa. Walikuwa 14. Kina mama walichanga, tukachapisha kadi ndogo, kila mtoto na yake, zenye Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nikahubiri dakika 40. Nikawaambia Mungu ameshapanga kufaulu kwako, chuo chako, kazi yako, ndoa yako, wewe amini tu. Nikawaita mmoja mmoja, nikaliweka jina la kila mtoto ndani ya mstari ule. Amina zilivuma mpaka kwenye bati. Wazazi walilia. Nilirudi nyumbani nikijua leo nimehubiri.

Januari matokeo yakatoka. Wanne wamepata ziro. Mmoja wao ni binti wa kwaya ya vijana, ndiye aliyesoma somo siku ile. Jumapili tatu sikumwona, nikaenda kwao. Mama yake alikuwa shambani, nikamkuta jikoni anamenya viazi. Ile kadi ipo ukutani, imepigiliwa msumari palepale siku zote, ila imegeuzwa. Maandishi yametazama ukuta, upande mweupe uko nje na umeanza kushika moshi. Akanipa kigoda, akanimiminia chai, akaendelea kumenya. Akaniuliza bila kuinua kichwa: "Mchungaji, waliofaulu Mungu aliwawazia amani. Mimi aliniwazia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba sala fupi, nikaaga.

Usiku ule nikasoma sura nzima, nikarudi nyuma mpaka sura ya 28. Haya mambo chuoni tulifundishwa, ndiyo maana yananiuma. Ile ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Na wakati uleule kulikuwa na nabii mwingine, Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akasema kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili mateka watarudi na vyombo vya hekalu vitarudi. Yeremia akamwitikia "Amina", maana naye alitamani iwe hivyo, lakini haikuwa kweli. Kisha Hanania akaivunja na ile nira ya mti Yeremia aliyoivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli. Ndipo inakuja barua: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, muutakie amani mji ule. Mji wa watu waliowateka! Mstari wa 10 unataja miaka 70. Mtu wa miaka 30 aliyeisikia barua ile ikisomwa alizikwa Babeli. Mstari wa 11 unafuata hapo, baada ya watu kuambiwa kwamba wengi wao hawatarudi.

Na tena ni "ninyi". Kiswahili chetu hakifichi, si "wewe". Mimi nilichukua "ninyi" ya taifa zima lililoko utumwani, nikaikata vipande 14.

Hapo ndipo jasho lilinitoka. Siku ile sikuhubiri Yeremia. Nilihubiri Hanania, nikayaweka maneno yangu kwenye karatasi ya Yeremia.

Nimewaambia wazee wa kanisa nataka nijisahihishe Jumapili, kabla Kwaresma haijaanza. Wamegawanyika. Mzee mmoja ninayemheshimu sana amesema, "Mchungaji, ukisema hili ulikosea, kesho watauliza na la Krismasi je? Mwone binti faraghani, yaishe." Mama mchungaji anasema kosa la hadharani linasahihishwa hadharani. Nami nina hofu nyingine: wale 10 wengine na wazazi wao wanamshukuru Mungu kwa mstari uleule. Niwapokonye shukrani yao? Na binti huyu nimwambie nini?

Watumishi, walimu, wazazi, naomba ushauri.

MkulimaWaPareto

Mtumishi, taratibu hapo. Neno la Mungu ni hai. Mwaka 2016 niliachishwa kazi, nina watoto wawili na kodi ya miezi mitatu nadaiwa. Mstari huo ndio ulionishika nisijidhuru. Sikujua habari za Babeli wala Yekonia, nilijua Mungu hajanisahau. Je, nami nilidanganywa? Ukisimama kusema mstari huu si wetu utawaumiza watu kama mimi, na tuko wengi kwenye hayo mabenchi.

MsomajiWaVoi

Shalom kutoka Taita. Mimi ni msomaji wa kanisa tu, sio pasta, lakini hili nimelitafakari. Biblia ya Union tuliyolelewa nayo inasema "mawazo ya amani". Tafsiri za siku hizi zinasema mipango, zinasema kufanikiwa, na hapo ndipo mhubiri huteleza. Kwa Kiebrania ni shalom, na ni neno lilelile la mstari wa 7: "katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Kwa hiyo amani ya mstari wa 11 haiko mbali na kazi ya mstari wa 5 na wa 7. Ni amani ya watu walioshika jembe mahali ambapo hawakuchagua kukaa. Hubiri hiyo. Hutapokonya mtu chochote.

BabuMstaafu

Mwanangu, nimetumika miaka 34, sasa nimestaafu, nafuga nyuki. Wazee wako wakumbushe 2 Samweli 7. Daudi anamwambia Nathani anataka kumjengea Mungu nyumba. Nathani hata hakuomba, akamjibu fanya yote yaliyo moyoni mwako, Bwana yu pamoja nawe. Usiku uleule Neno likamjia: hapana. Asubuhi nabii akarudi kwa mfalme kusema kinyume cha alichosema jana. Unabii wake haukuisha siku ile. Miaka baadaye ni Nathani huyohuyo aliyemwambia Daudi "Wewe ndiwe mtu huyo", na Daudi akasikia. Mimi naamini alisikia kwa sababu alimjua kuwa ni mtu anayeweza kurudi.

Mimi sikurudi. Mwaka 1998 nilimwambia mjane mmoja mbele ya usharika kwamba mwanawe hatakufa. Alikufa baada ya siku tisa. Nilimzika, nikahubiri ufufuo, lile la kwanza sikuligusa. Yule mama alihamia kanisa jingine bila kugombana na mtu. Mpaka leo nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri, na salamu yake inanichoma kuliko matusi.

Na wewe MkulimaWaPareto, hukudanganywa. Mstari ni wako kwa sababu wewe ni mmoja wa watu wake. Ni kama ugali wa sinia: una haki ya kula na kushiba. Huwezi tu kubeba sinia zima ukaingia nalo chumbani ukasema nimepikiwa mimi.

MkulimaWaPareto

Babu nimekuelewa. Hapo sina neno.

KijanaWaGongoLaMboto

Mzee wako wa kanisa analinda heshima yako, halindi imani ya watu.

MchungajiWaMilimani

Hapana ndugu yangu, usimseme hivyo. Huyu mzee alizika watoto wake wawili miaka ile ya UKIMWI, Makete ilipokuwa inazika kila siku, na hakukosa ibada. Anajua watu wanavyoweza kuanguka. Hofu yake ina sababu.

MwalimuWaHesabu

Mchungaji, mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, mwaka wa 9. Nisikilize kidogo.

Ukiwaambia watoto kufaulu kunatokana na kuamini, aliyefeli anaondoka na ziro mbili: ya baraza la mitihani na ya kanisani. Anajiona hana akili na hana imani. Hiyo ya pili sisi walimu hatuna dawa yake, ni yako.

Ukweli wa hiyo ya kwanza wengi hawausemi. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Ana mwendo mrefu kwa miguu, mvua ya huko mnaijua. Shule ina mwalimu mmoja wa hesabu, nyingine hata huyo hana. Kwa hiyo akikuuliza Mungu alimwazia nini, usimwachie Mungu mzigo ambao ni wetu watu wazima. Mwambie na hilo.

La kufanya: anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba, asichelewe kuulizia kituo. Au aende VETA au chuo cha maendeleo ya wananchi ajifunze ufundi, huko hawamfungii mlango kwa sababu ya ziro. Lakini umuulize yeye anataka nini. Watoto hawa wanapangiwa na kila mtu.

MamaWatatu

Shikamoo mchungaji. Mwanangu wa pili alipata ziro mwaka juzi, nakuambia nilichokiona.

Usimwite mbele ya kanisa umwombee kama mgonjwa. Wangu alifanyiwa hivyo, akaniambia afadhali wangenipiga. Usimpelekee mahubiri yaliyosahihishwa kwanza. Nenda na mama mchungaji, mshike visu mmenye viazi naye. Ukishamaliza sufuria moja ndipo useme nilikosea. Useme hivyohivyo, "nilikosea", usiseme "huenda hukunielewa". Na ile kadi usiiguse. Aliyeigeuza ndiye mwenye ruhusa ya kuigeuza tena.

Na wale watatu wengine wenye ziro, mbona huwataji? Nao nenda.

MchungajiWaMilimani

Marahaba mama. Umenigusa pabaya, hao watatu wengine sikuwa nimewafikia kabisa. Nitakwenda.

MchungajiWaMilimani (baada ya wiki mbili)

Wapendwa, narudisha mrejesho.

Jumapili nilipanda mimbarini, nikasoma sura ya 28 yote na ya 29 mpaka mstari wa 14. Kisha nikasema: "Mwezi wa 10 niliwaahidi watoto wetu jambo ambalo Mungu hakunituma niwaahidi. Mstari haukukosea. Nilikosea mimi." Hakuna aliyeitikia amina. Nikawaeleza ile barua kama nilivyoeleza hapa, nikazidisha pale penye bustani, maana sisi ni wakulima na tunajua kupanda viazi si ahadi ya kuvuna, lakini msimu ukifika mtu anapanda. Nikawaambia waliofaulu wasiache kushukuru, wamshukuru Mungu na mwalimu wao pia. Baada ya matangazo yule mzee alisimama. Moyo ulinienda mbio. Akasema yeye tangu azike wanawe hajawahi kuusoma mstari huo kwa sauti, na leo ameusikia umesomwa mahali pake. Akakaa.

Wale vijana watatu nimewafikia. Mmoja ameshaondoka kwenda Makambako kutafuta kibarua, nimeongea naye kwa simu. Alinisikiliza, akasema asante, akakata. Nitampigia tena.

Binti hakuwepo kanisani. Jumanne tukaenda na mama mchungaji, akaomba visu. Tulimenya karibu debe zima, wanawake wakiongelea bei ya mbolea. Nikasema nilichokuja kusema. Alinyamaza, akaenda chumbani akarudi na Biblia, akasoma sura ya 28 kimoyomoyo huku sisi tumekaa kimya. Akauliza, "Huyu Hanania, alikuwa anajua kwamba anadanganya?"

Nikamwambia Biblia haisemi. Mimi nadhani aliwapenda watu wake na alitaka sana iwe kweli.

"Kama wewe," akasema.

Nikamwambia ndiyo, kama mimi.

Hataki VETA. Anataka kurudia mtihani, lakini anasema ada atailipa mwenyewe. Mama yake amemkatia robo ekari ya kupanda viazi, na mbegu amekopeshwa na shangazi yake. Jumapili hii amesema ataangalia kama atakuja. Kadi bado imegeuzwa.

MwalimuWaHesabu, ameniuliza usajili unafungwa tarehe ngapi na je, anaweza kurudia masomo machache au lazima yote. Nimeshindwa kumjibu. Kituo kilicho karibu nasi kipo kwenye shule ya sekondari mjini, nauli kwenda na kurudi si haba, kwa hiyo nataka tukienda tuende mara moja tukiwa na kila kinachotakiwa. Nisaidie kabla ya Ijumaa.