Kanzu na kofia za Idd: niagize mtandaoni au nisafiri hadi Kariakoo?

Mama Wawili, Dodoma

Assalaam alaykum ndugu zangu. Zimebaki wiki tatu Idd el Fitr ifike, nami nina watu watatu wa kuwavisha: mume wangu, mwanangu wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 6. Mwaka jana niliagiza kanzu zao kwa muuzaji niliyemwona mtandaoni, nikalipa fedha zote kwa simu kabla mzigo haujasafirishwa. Kanzu ya mume wangu ilimwishia katikati ya muundi, ya mdogo iliburuta chini, na kitambaa kilikuwa chepesi mno hata mwili ukaonekana. Muuzaji alikataa kubadilisha kwa hoja kwamba saizi nilitaja mwenyewe. Ni kweli nilizitaja, lakini nilisema "kubwa", "ya kati" na "ndogo", kama tunavyonunua fulana. Watoto waliswali Idd wakiwa na kanzu za mwaka uliotangulia, jambo lililoniuma sana, kwa kuwa yule mdogo alikuwa akiihesabu siku ile kwa vidole.

Hapa mjini nimezunguka na sikupata kanzu za watoto zenye darizi ninayoipenda. Je, niagize tena kwa simu, au nifunge safari ya Dar es Salaam? Tena mume wangu anataka kofia ya kiua ya kushonwa kwa mkono, nami sijui kuitofautisha na ya mashine.

Fundi Cherehani

Waalaykum salaam dada yangu. Kosa la mwaka jana lilianzia kwenye vipimo, nalo hurekebishika kwa urahisi. Nambari unazoziona kwenye kanzu za dukani, kama 54, 56 au 58, kwa kawaida ni urefu wake kwa inchi, kutoka begani karibu na shingo hadi pindoni. Kwa hiyo usimpime mtu. Chukua kanzu inayomkaa vizuri, itandaze juu ya meza, uinyooshe bila kuivuta, kisha uipime kwa tepu: urefu, upana wa kifua kutoka kwapa hadi kwapa, upana wa mabega na urefu wa mkono. Vipimo hivyo vinne umpelekee muuzaji, naye umtake apime kanzu yenyewe anayotaka kukuuzia na kukujibu kwa inchi. Akikujibu kwa kutaja umri, kwamba hii ni ya mtoto wa miaka 6, mwache, kwa sababu watoto wa umri mmoja hupitana urefu kwa kiasi kikubwa.

Kwa hao watoto, ongeza inchi mbili za urefu na uombe pindo pana lenye kukunjwa ndani. Idd ijayo utalifumua, na kanzu itaongezeka urefu bila kununua nyingine. Uulize pia kitambaa ni cha aina gani, kwa kuwa pamba tupu hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, ilhali iliyochanganywa na poliesta hairudi sana, ingawa huleta joto. Ukikuta tangazo la kanzu ya kiume ya "hariri", fahamu kwamba mara nyingi ni poliesta inayong'aa. Na ikiwa ni hariri kweli, basi mwanamume wa Kiislamu amekatazwa kuivaa.

Mwambie muuzaji na mtindo pia. Kanzu ya Kisaudia ina kola ngumu, ya Kiomani haina kola na ina kishada kifupi shingoni, na ya Imarati ina kishada kirefu kinachoning'inia kifuani. Ukisema "kanzu nyeupe" tu, atakutumia yoyote kati ya hizo.

Binti wa Mji Mkongwe

Mimi nitajibu la kofia, kwa kuwa nimekulia katika nyumba ambamo mama na shangazi zangu walizishona. Kofia ya kiua ya mkono ni kazi ya miezi, na ndiyo maana bei yake haiwezi kulingana na ya mashine. Igeuze ndani nje: viua, yaani vile vitundu, viwe vimezungushiwa uzi mmoja mmoja na viwe wazi kweli hata uone mwanga, na mshono usiwe sawasawa kupita kiasi, kwani mkono wa binadamu haurudii jambo lile lile mara elfu bila kutofautiana. Haya hayaonekani kwenye picha. Kofia ya namna hiyo ningeinunua kwa kuishika tu, iwe Darajani hapa Unguja au kwa mtu unayemwamini huko bara. Mpime mumeo kichwa kwa sentimita, juu kidogo ya masikio, na ikishafuliwa itiwe wanga na ikaushwe juu ya furuma, yaani kibao cha mviringo cha kuvalishia kofia, ili isipoteze umbo lake.

Abiria wa Reli

Dada, tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na safari ya Dar es Salaam ni ya takriban saa nne. Unaweza kwenda asubuhi, ukapita Mtaa wa Kongo na mitaa ya jirani pale Kariakoo, na kurudi usiku. Nenda siku ya kazi wiki hii au ijayo, kwa sababu kumi la mwisho la Ramadhani pale hapapitiki, na mafundi wengi huwa wameshaacha kupokea kazi mpya. Ukiamua kuagiza, omba video ya kanzu hiyo hiyo ikiwa imewekewa mkono ndani ili uone uzito wa kitambaa, na mkubaliane kwa maandishi kuhusu kubadilisha kabla hujatuma fedha.

Mama Wawili, Dodoma

Allah awalipe kheri. Nimepima usiku huu: ya mume wangu ni inchi 58, nami mwaka jana nilipewa 52. Za watoto nitaziagiza kwa vipimo hivyo vinne na pindo pana. Jumatano nitapanda treni kwa ajili ya kofia, na mdogo ameomba tufuatane.