Panya waliobanwa dakika 30 wanachelewa kulamba nyayo kwenye bamba la moto. Msongo unapunguza maumivu?

Muuliza swali

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaofanya kazi na panya wa maabara.

Jaribio liko hivi: panya wadogo (mouse), madume wa ukoo wa maabara uitwao C57BL/6, wanabanwa dakika 30 kwenye mrija wa mililita 50 uliotobolewa matundu ya hewa. Wakitoka tu wanawekwa kwenye bamba la moto la nyuzi 55, halafu dakika 5 kwenye jukwaa la msalaba lililoinuliwa, lenye mikono miwili iliyo wazi na miwili yenye kuta, kupima wasiwasi. Kundi linganishi linabaki kizimbani likisubiri zamu yake. Mwishoni wote wanatolewa damu.

Matarajio yalikuwa kwamba wenye msongo wataumia upesi zaidi na kujificha zaidi. Imekuwa kinyume. Kwenye bamba wanachelewa kulamba nyayo za nyuma kuliko wenzao. Kwenye msalaba makundi yote mawili yamejibanza kwenye mikono yenye kuta, tofauti hakuna. Kotikosteroni, homoni ya msongo, nayo iko juu kwa wote.

Vifaa vina hitilafu, au ubongo wenyewe ndio unafanya hivi? Na kama ni ubongo, unapitia wapi?

nyuroni_kazini

Mkuu, bamba lako halina kosa. Msongo mkali wa muda mfupi unatuliza maumivu, na hili linajulikana tangu zamani. Mnyama aliyekamatwa na adui akisimama kulamba kidonda hatoki hai, kwa hiyo ubongo unazima kwanza taarifa ya maumivu.

Njia yenyewe inaanzia amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu. Sehemu yake ya pembeni (BLA) inapokea taarifa ya hatari, inaipeleka kwenye sehemu ya kati (CeA), na hiyo inaamrisha eneo la kijivu linalozunguka mfereji wa ubongo wa kati, tunaloliita PAG. Mwaka 1969 Reynolds, kule Marekani, alichochea eneo hilo kwa umeme kwenye panya wakubwa (rat), akawafanyia upasuaji wa tumbo bila dawa ya usingizi. Kutoka PAG amri inashuka hadi eneo liitwalo RVM, chini kwenye shina la ubongo. Huko kuna seli za aina mbili zinazopingana: zinazofungulia maumivu na zinazoyazuia. Msongo mkali unazipa nguvu zile za kuzuia, nazo zinashuka kwenye uti wa mgongo na kubana taarifa palepale inapoingia kutoka mguuni.

Homoni zina ratiba yake. Haipothalamasi inatoa CRH, pituitari inatoa ACTH, tezi za juu ya figo zinatoa kotikosteroni, na kilele chake kwenye damu kinafika kama dakika 15 hadi 30 tangu msongo uanze. Njia ya neva niliyoieleza haisubiri hapo. Kwa hiyo usijaribu kueleza matokeo ya bamba kwa kiwango cha kotikosteroni peke yake.

Ukitaka kujua ni kemikali gani inayofanya kazi, ongeza dawa kama naloksoni, inayozuia vipokezi vya opioidi, yaani kemikali za kutuliza maumivu. Lewis, Cannon na Liebeskind walionyesha mwaka 1980 kwamba mshtuko wa umeme wa nyayo unaokatika-katika kwa muda mrefu unaleta utulizaji unaozimwa na naloksoni, ila mshtuko mfululizo wa dakika 3 unaleta utulizaji ambao naloksoni haiugusi. Huo wa pili, Hohmann na wenzake waliuonyesha mwaka 2005 kuwa unategemea endokanabinoidi, kemikali za mwili zinazofanana na za bangi, ndani ya PAG. Msongo ni neno moja, lakini dakika zake na ukali wake vinabadilisha kemia yote.

Angalizo kuhusu naloksoni: haidumu mwilini. Ukiichoma kabla ya kumbana panya dakika 30, ukifika kwenye bamba inaweza kuwa imeshapungua, nawe ukahitimisha kwamba opioidi hazihusiki. Naltreksoni, dawa ya aina hiyohiyo, inadumu zaidi. Na lazima uwe na makundi manne: msongo na dawa, msongo na maji ya chumvi, bila msongo na dawa, bila msongo na maji ya chumvi. Naloksoni peke yake inaweza kumfanya panya aruke mapema kwenye bamba hata kama hajabanwa.

msalaba_na_uwanja

Niongezee upande wa wasiwasi, maana hapo ndipo jaribio limevunjika.

Kwanza mpangilio. Kipimo kinachoumiza kinakuja mwisho, daima. Panya aliyetoka kwenye bamba la nyuzi 55 ana wasiwasi tayari, awe alibanwa au hakubanwa. Kwa hiyo kwenye msalaba umelinganisha wenye msongo na wenye msongo.

Pili, kundi linganishi kukaa kwenye kuta muda wote ni dalili ya sakafu: hawana tena mahali pa kushuka, hivyo hata msongo ukiongeza wasiwasi hutauona. Punguza taa ya chumba hadi kundi linganishi lianze kutoka lenyewe, pima mwanga (luksi) kwenye ncha ya kila mkono wazi, na uhakikishe mikono miwili iliyo wazi ina mwanga sawa. Kwa panya wadogo vipimo alivyotumia Lister mwaka 1987 bado ni msingi mzuri: kila mkono sentimita 30 kwa 5, kuta sentimita 15. 

Tatu, usihesabu muda wa mikono wazi peke yake. Hesabu pia mara alizoingia mikono yenye kuta, hiyo inakuambia kama anatembea kawaida. Panya aliyebanwa akitulia tu mahali pamoja, muda wa mikono wazi unashuka bila wasiwasi kuongezeka. Tazama video taratibu pia: kuna mkao ambapo miguu ya nyuma inabaki ndani ya kuta, mwili unajinyoosha mrefu na chini, pua inachungulia ukingo, kisha anarudi kinyumenyume. Huko ni kupima hatari, na mara nyingi kunaonyesha tofauti ambayo muda hauonyeshi. Kuingia ni miguu yote minne. Amua hivyo kabla ya kuanza, si baada ya kuona data.

Kila panya ni mara moja tu. Akirudishwa siku nyingine anakuwa ameshajifunza, na dawa za kutuliza wasiwasi za jamii ya diazepamu zinapoteza nguvu yake kwenye msalaba. Diazepamu hiyohiyo itumie kukagua chumba: miligramu 1 kwa kilo, dakika 30 kabla, kwa panya wapya. Ikishindwa kuwatoa nje, shida ni chumba chako au ushikaji wako.

mlezi_wa_panya

Ushikaji! Nashukuru umeutaja, watu wanaupuuza mno.

Kumnyanyua panya kwa mkia kunampandisha wasiwasi. Hurst na West walichapisha mwaka 2010 kwamba panya wanaobebwa kwa bomba au kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe wanamkaribia mtu na wanatoka zaidi kwenye mikono wazi kuliko wanaoshikwa mkia. Acha bomba la plastiki kizimbani, aingie mwenyewe, mbebe ndani yake. Anza siku kadhaa kabla ya jaribio.

Harufu ya mtu nayo ni msongo. Mwaka 2014 Sorge na wenzake waliripoti kwamba harufu ya wanaume, hata ya fulana iliyovaliwa tu, inapandisha msongo wa panya na kupunguza maumivu kwa muda. Mwanamume akipima kundi moja na mwanamke jingine, mmeshapata tofauti ambayo haikutoka kwenye mrija. Mpimaji awe yuleyule, akae chumbani nusu saa hivi kabla ya panya wa kwanza, na makundi yapimwe kwa kuchanganywa, si lote moja asubuhi na lingine jioni.

Halafu aliyekwisha kupimwa asirudishwe kwa wenzake wanaosubiri. Langford na wenzake, mwaka 2006, walionyesha kuwa panya anayemwona mwenzake wa kizimba akiumia naye anaumia zaidi. Andaa kizimba kingine cha waliomaliza.

Mkiamua kubadilisha bamba kwa kipimo cha mkia, yaani kuupasha mkia joto hadi panya auvute, kuweni waangalifu. Msongo unabana mishipa ya damu ya mkia, ngozi inapoa, na ngozi iliyopoa inachukua muda zaidi kufikia joto la kuumiza. Utaona utulizaji ambao haupo. Pima joto la mkia kila mara.

Muuliza swali

Asanteni sana wakuu. Basi nitatenganisha makundi. Damu niichukue lini? Na msongo wa muda mrefu nao unatuliza maumivu?

nyuroni_kazini

Damu ichukue kwa panya ambao hawatapimwa kitu kingine. Ukitaka kiwango cha kotikosteroni cha panya aliyetulia, chukua damu ndani ya dakika 3 tangu uguse kizimba, baada ya hapo unapima hofu ya kukamatwa. Fanya asubuhi, muda mfupi baada ya taa kuwashwa, kwa sababu kotikosteroni inapanda yenyewe kuelekea giza. Agiza vifaa vya kotikosteroni, si vya kotisoli, homoni ya msongo ya binadamu, maana panya hutegemea hiyo ya kwanza.

Msongo wa muda mrefu ni kinyume chake. Wakibanwa kila siku kwa wiki kadhaa, mara nyingi maumivu yanaongezeka, na zile seli za RVM zinazofungulia zinachukua nafasi. Vyas na wenzake, Bangalore, waliwabana panya wakubwa saa 2 kwa siku, siku 10: matawi ya nyuroni yakapungua kwenye hipokampasi, ambayo ndiyo inayosaidia kuzima homoni za msongo, yakaongezeka kwenye amigdala, na wasiwasi ukapanda. Hilo litakuwa jaribio la pili, na panya wengine.

Bamba sasa. Weka kikomo cha sekunde 30 kwa nyuzi 55, uandike kwenye kibali chako cha maadili, na ukifika umtoe hata kama hajalamba. Ukichelewa nyayo zinaungua, na panya aliyeungua hakupi tena kipimo chochote cha maana. Panya wenye msongo ndio watakaofika kwenye kikomo hicho mara nyingi, basi mkono mmoja uwe tayari.