Naomba ushauri: sayari inachezacheza kwenye darubini

Wakuu habari zenu. Nina darubini ya kioo cha milimita 130, fokasi (umbali toka kioo hadi mwanga unapokutana) milimita 650, naiweka nyuma ya nyumba kila usiku anga likiwa safi, na aisee siku ya kwanza kuziona pete za Zohali kwa macho yangu niliita kila mtu ndani atoke nje, hata waliokuwa wamelala. Halafu ile miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii, aliyoiona Galileo mwaka 1610, kesho yake unaikuta imehama nafasi, yaani raha yake haielezeki.

Sasa shida iko hapa, lenzi ya jicho ya milimita 25 inakuza mara 26 na picha inatulia kabisa, ila nikiweka ya 10, yaani mara 65, sayari inachezacheza kama iko chini ya maji na mikanda ya Mshtarii (ile mistari ya mawingu yake) siioni vizuri. Nimesikia darubini inatakiwa ikae nje kama nusu saa ipoe kwanza, mimi naitoa tu naanza hapo hapo, tena naelekeza juu ya paa lililopigwa jua mchana kutwa. Tatizo ni hilo au vioo vya ndani ya darubini vimehama? Aliyewahi kuvipanga mwenyewe anielekeze, naogopa kuharibu.