Naomba ushauri: mkubwa wangu anataka niandike korosho za kangomba kwa majina ya wakulima

Wakuu habari za saa hizi, na shikamooni mnaostahili.

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika wa korosho huku Newala. Msimu huu mkubwa wangu kazini analeta magunia ya kangomba, anataka niyaandike kwa majina ya wanachama ambao hawajaleta hata kilo, ili yaingie ghalani na mnadani kama ya wakulima. Kangomba mnaijua, ule ulanguzi wa korosho nje ya chama: mama wa watu kabanwa na ugonjwa mwezi wa saba, anauza korosho zingali maua, kwa bei ya kutupa. Halafu mimi ndiyo nisaini!

Nimemwambia kwa heshima kwamba siku ya ukaguzi nitaulizwa mimi. Akacheka, "Wanaoitaka hii kazi wamejaa stendi." Nikaomba anipe maelekezo hayo kwa maandishi, akanuna, sasa kanihamishia kupanga magunia. Mwenyekiti ni shemeji yake, huko nimeona nisijisumbue.

Mkataba wa maandishi sina, nalipwa mkononi. Nafahamu ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, ila mji wetu mdogo, kila mtu anamjua mwenzake.

Nauliza: kati ya ofisa ushirika wa wilaya na TAKUKURU, wapi jina langu litasitirika zaidi? Na akinifukuza, CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) watanisikiliza bila mkataba wa maandishi, au kuna ushahidi nianze kuuweka sasa hivi?