Kontroli ya E. coli imetoka na MIC (kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria) ya juu, nianzie wapi?

Benchi_la_Bakteria: Wakuu, habari za kazi. Natumia VITEK 2 (mashine ya kupima bakteria wanavyoitikia dawa), kontroli, yaani bakteria wa kujaribia ambao majibu yao yanajulikana, ni E. coli ATCC 25922. Gentamicin, antibiotiki, imesoma 4 µg/ml wakati kiwango cha CLSI (taasisi ya viwango vya maabara) ni 0.25–1. Kadi haijapitwa na muda. Nikague nini kwanza?

Koloni18: Anza na uzito wa mchanganyiko, yaani wingi wa bakteria kwenye salaini. Kadi za Gram-hasi (kundi la bakteria lenye E. coli) zinataka 0.50–0.63 McFarland (kipimo cha ukungu wa mchanganyiko) ndani ya ml 3 za salaini ya 0.45–0.50%, ile ya dripu, 0.9%, usiitumie. Bakteria wakizidi, dawa inaelemewa na MIC inapanda. Na angalia tyubu uliyowekea sifuri kifaa cha kupima ukungu: ikiwa na alama za vidole, halafu ukapima kwenye tyubu safi, kifaa kinasoma chini, nawe unaendelea kuongeza koloni ukidhani bado ni nyepesi. Ifute kwa tishu isiyoacha nyuzi.

Mama_Agari: Koloni18 kasema kweli. Mimi naongeza: koloni ziwe za usiku mmoja, saa 18–24, na kadi iingie mashineni ndani ya dakika 30. Kisha chukua mabaki ya mchanganyiko uleule, chora kwenye blood agar (chakula chenye damu cha kuoteshea bakteria), asubuhi utazame. Ukiona koloni za aina mbili, umeshapata jibu: tupa matokeo, anza upya na koloni moja safi.

Majibu ya gentamicin ya wagonjwa yashikilie kwanza, tafadhali. Kontroli haijapita.

Benchi_la_Bakteria: Asanteni sana. Salaini yetu kweli ni ya 0.9%. Nabadilisha, narudia leo.