Oili ya injini inapita MAX na inanuka petroli

mkazi_ntinda:
Ndugu zangu, naomba msaada. Gari ni la petroli, silinda 6, lita 2.5, lile ambalo injekta zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kazi yake ni Ntinda–Nakawa hapa Kampala asubuhi na jioni, muda mwingi kwenye foleni. Oili ni 5W-30. Sasa kijiti cha kupimia oili kinaonyesha oili imepita MAX kwa milimita 5 hivi na inanuka petroli. Kulanti (maji ya kupoza injini) haijapungua. Thamostati (vali inayozuia kulanti isiende kwenye rejeta mpaka ipate moto) ilitolewa zamani ili injini isichemke, na mshale wa joto unakaa chini ya katikati. Je, nihamie 20W-50?

fundi_injini:
Anza na thamostati, ndugu. Isipokuwepo, kulanti inapita kwenye rejeta tangu injini inapowashwa, kwa hiyo injini haifikii joto lake la kazi. Kompyuta ikisoma kulanti nyuzi 60, inaona injini bado haijapata moto na inaendelea kuongeza petroli. Petroli hiyo inakutana na kuta za silinda ambazo ni baridi, haigeuki mvuke yote, inateleza kupita ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Huu mtindo wa kutoa thamostati unaua injini nyingi mno hapa kwetu. Injini inayochemka ina ugonjwa wake: rejeta imeziba, feni haivuti, kifuniko cha rejeta hakishiki presha, au gasketi ya hedi imekwisha. Tena kuna injini ambazo thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inakwepa rejeta, na mlimani gari linachemka zaidi.

Nunua thamostati yenye nyuzi zilizoandikwa kwa injini yako (nyingi za Japani ni 82). Ijaribu kabla ya kuifunga: itundike kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Ianze kufunguka karibu na 82, na iwe wazi kabisa maji yanapokaribia kuchemka. Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yatachemka kwenye 96 hivi. Unapoifunga, kipini cha kupitisha hewa kielekee juu, gasketi iwe mpya, kisha toa hewa yote kwenye mfumo.

oili_na_mnato:
20W-50 hapana. Oili ya daraja la 30 (ile 30 ya 5W-30), ikiwa kwenye nyuzi 100, inatakiwa kuwa na mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5. Petroli ikiingia inashuka chini ya 9.3, yaani unatembelea daraja la 20 bila kujua. Ukiweka nzito, petroli itaendelea kuingia vilevile, na asubuhi oili itachelewa kufika juu kwenye vali. Baki na daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, ila badilisha mapema: kwa safari fupi za foleni, kila kilomita 4,000 hadi 5,000.

Halafu msichanganye joto la kulanti na la oili. Mshale ukifika katikati, oili bado iko nyuma sana. Petroli inatoka vizuri oili ikikaa kwenye 90 hadi 110 kwa nusu saa hivi, gari likiwa mwendoni. Mara moja kwa wiki panda barabara ya haraka ya Entebbe. Kuwasha gari na kuliacha lingurume nyumbani hakusaidii, maana oili haipati joto la kutosha. Upande wa juu, ukivuta mzigo mlimani na oili ikapita 130, inaoza haraka. Hapo kipozaoili kinahitajika.

skana_mkononi:
Thamostati ikirudi na oili bado inapanda, chomeka skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) injini ikiwa moto. Soma marekebisho ya muda mrefu ya petroli, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Yakiwa hasi asilimia 10 au chini zaidi, chomoa bomba la PCV (linalorudisha mvuke wa sampu kwenye injini) na uzibe upande wa manifoldi ya kuingiza hewa. Yakirudi karibu na sifuri, mvuke wa petroli unatoka kwenye oili yenyewe. Kisha kagua sili ya pampu ya presha kubwa, kwa sababu ikivuja petroli inaingia kwenye oili moja kwa moja. Baada ya hapo injekta zinazodondosha, plagi na koili.

mkazi_ntinda:
Asanteni sana. Naweza kupunguza iliyozidi na kutembea hadi mwisho wa mwezi?

fundi_injini:
Usifanye hivyo. Itakayobaki ina petroli ileile, na beringi za kranki ndizo zitakazoumia kwanza. Tena ukienda safari ndefu, mfano Mbarara, petroli itageuka mvuke, na kijiti kilichosoma MAX Kampala kinaweza kusoma chini ya MIN ukifika. Mwaga yote injini ikiwa na moto, badilisha filta, jaza hadi MAX, kisha pima kila wiki mahali palepale tambarare, injini ikiwa baridi.