Tupeane uzoefu: kambale wa bwawa kwenye baridi letu, hesabu inakubali?

Wakuu, salaam. Kila semina inakuja na hesabu ileile: vifaranga elfu moja, miezi sita, kila samaki kilo moja, umetoboa. Hiyo hesabu si ya Uyole mwezi wa saba. Tulio Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tuleteane ya kwetu. Naanza.

Bwawa langu la udongo, maji ya kijito. Kambale anastawi kwenye nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hafi, maana ni mgumu na hewa ya juu anaivuta, ila kula anasusa na kukua kunasimama. Juni mpaka Agosti unalisha mgeni asiyeshika jembe. Kwa hiyo napandikiza Septemba, Mei navuna, hata wenye gramu 400. Mama lishe wa mjini wanawapenda hao, mmoja anajaa sahani.

Wa Kyela: Poleni na baridi. Huku joto lipo, balaa letu ni kulana. Kifaranga akiwazidi wenzake kidogo tu, anageuka jambazi. Kila wiki mbili nawavua kwa wavu laini, nawamwaga kwenye beseni, nawatenga kwa saizi. Ukimshika jambazi utaona mkia wa mwenzake unachungulia mdomoni, na tumbo limevimba kama limepulizwa. Bila kuwatenga utapanda elfu uvune mia tatu walionona, halafu useme umerogwa. Chakula nachanganya mwenyewe: usipa waliokataliwa sokoni, pumba, mashudu ya alizeti.

Iringa mjini, bwawa lipo Pawaga: Ndugu wa Kyela kamaliza, mie naongeza upande wa pesa. Kuna muuzaji aliniletea vifaranga kwenye mifuko ya oksijeni akisema wana gramu tano. Kufungua, ni kama viluwiluwi! Vyura na mdiria walikula bure. Sasa nanunua kwa mzani: hesabu mia, pima, gawa.

Hesabu yenyewe, tuseme chakula cha kuelea ni 3,500 kwa kilo. Kwenye joto, kilo moja na nusu inakupa kilo ya samaki, hiyo ni 5,250. Kifaranga 250, robo wakifa kila aliyepona amekugharimu kama 330. Ukiuza 8,000 zimebaki 2,400 na ushee za mlinzi, chokaa na mafuta ya pampu. Kwenye baridi akila kilo mbili na nusu kupata kilo ileile, chakula peke yake ni 8,750. Hapo hata usipige simu kwa mnunuzi.

Wa Mafinga: Ndiyo maana mimi nimeweka tangi la turubai ndani ya kitalu nyumba cha nyanya cha mke wangu. Mchana maji yanapata joto, usiku hayapoi ovyo. Yakichafuka yanaenda kwenye nyanya, na mbolea ya dukani tumepunguza. Ugomvi ni nani mwenye kitalu.

Mbalizi hapa: Mnasahau soko. Jirani zangu wengi ni Wasabato, samaki asiye na magamba hawamgusi. Nina kambale na perege bwawa moja: kambale wachache, wadogo kuliko perege wazazi. Wanakula vitoto vya perege, bwawa halijai samaki wa kidole, na mteja wa magamba simkosi. Wanaobaki bila mnunuzi nawakausha kwa moshi, siwashikilii bwawani wakila.

Mwanzisha mada: Ndaga fijo (asante sana) wa Kyela, nitaanza kutenga. Hiyo ya kutowashikilia bwawani ndiyo imeniingia: kila wiki ya kumsubiri mnunuzi ni mfuko umefunguliwa. Wa Mafinga, alfajiri ya Julai maji ya tangi yanasoma nyuzi ngapi? Na turubai ni la kushona au la kiwandani? Weka picha, mkuu.